Mama Mashine na Friji la Jua

Mama Mashine hakuweza kunong'ona. Alikaa miaka mingi kando ya mashine yake ya kusaga, mkono mmoja kwenye mdomo wa gunia na mwingine ukimwamuru mteja asogee, hata akazoea kuzungumza na watu wote kana kwamba mota inaunguruma katikati yao. Alikusalimia kwa sauti hiyo, na kwa sauti hiyo hiyo alikupa pole ya msiba. Kanisani, wakati wa maombi ya kimya, sisi wengine tulisema na Mungu moyoni. Naye alidhani anafanya vivyo hivyo, kumbe kila neno lilikuwa linatoka nje. Hivyo ndivyo tulivyojua magoti yanamuumaje, mwanawe wa Arusha amenyamaza tangu lini, na nani alimletea mahindi yenye mchanga. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa mtaa ule. Wapo waliosema kwamba niliyarefusha maombi ya kimya makusudi ili nipate habari. Sijawajibu hadi leo.

Mashine yake ilikuwa nje kidogo ya mji wa Karatu, pale njia inapoacha lami na kuelekea mashamba ya kahawa. Kila mtu alipita kwake: Wairaqw wenye mashamba yao, vibarua wa kahawa kutoka Singida na Dodoma, wake wa walinzi, wapishi wa shule. Aliwapa wote unga wa moto na maneno ya moto. Kilemba chake kilikuwa cheupe kwa vumbi la unga, na kope pia, na Jumapili baada ya kuoga bado ungeona weupe kidogo ndani ya sikio.

Alipenda vitu vipya kuliko vijana wanavyovipenda. Mumewe alimwachia injini ya dizeli. Nguzo za umeme zilipofika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta waya. Baadaye akaja muuzaji mmoja na mashine ya sola, akaapa kwamba itasaga muda wote jua likiwepo. Hakusema jua la Karatu huwa halipo nusu ya mwaka. Ile miezi ya ukungu, mawingu yakishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala mjini hadi adhuhuri, mashine ya sola nayo ililala. Wanawake walipolalamika kwenye foleni, aliwaambia wasigombane naye, wagombane na wingu. Lakini hakuwa ameuza zile za zamani. Ya dizeli ilikaa kando chini ya turubai, ya umeme katikati, ya sola mwisho karibu na dirisha, kama babu, baba, na mtoto mpenda usingizi. "Kitu kipya kionje," alikuwa akisema, "usikishibe."

Alikuwa na mambo yasiyolingana, nami niliacha mapema kujaribu kuyalinganisha. Alimkaripia mjukuu aliyemwaga konzi ya unga, kisha jioni akamgawia mama mmoja mfuga nguruwe pumba za bure gunia zima. Alisifu kila mashine, lakini hakumruhusu mtu kumlimia bustani kwa trekta, akisema trekta halioni mdudu. Mwanawe alipomletea kifaa cha kusikia, alikivaa siku moja tu. Alipokivua alinieleza sababu: watu wengi walikuwa wanamwongopea kwa sauti ya chini na yeye alikuwa hajui, sasa anajua, na hajapata faida yoyote.

Tulibishana pia juu ya Maandiko. Nilihubiri juu ya wanawali kumi na taa zao, nikaeleza kama nilivyofundishwa chuo cha Biblia, kwamba mafuta yale ni imani na imani haiazimwi. Alinisubiri mlangoni. Alisema wale wanawali werevu walikuwa wachoyo. Nikarudia maelezo ya chuoni, polepole. Akasema kama mafuta hayatoshi wangeenda wawili wawili, kwa sababu taa moja inawamulikia watu wawili njiani bila kupungukiwa. Niliisoma tena sura ile usiku, na mara nyingi baada ya hapo. Namshukuru Mungu kwa washarika wanaokufuata mlangoni.

Sasa niseme juu ya ng'ombe, maana bila ng'ombe habari hii haieleweki. Mimi ni mtu wa Singida. Baba yangu alikuja Karatu kuchuma kahawa, kwa hiyo mambo ya wenyeji nilijifunza moja moja, kwa kukosea. Mwiraqw wa desturi halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki wa Endabash, mwingine kwa shemeji wa Mbulumbulu, wengine huko juu Mbulu. Anayewatunza hupata maziwa na samadi. Mwenye mali hubaki na ng'ombe wake na uzao. Ugonjwa ukiingia bonde moja, au malisho yakikauka, hukosi chote. Nawe pia zizini kwako wamo wa watu wengine.

Hiyo ni nusu ya desturi. Nusu ya pili ni adabu. Hutaji ng'ombe ni wa nani. Mgeni akikuuliza, unasema "wangu", na mazungumzo yanaendelea. Ukimtaja mwenyewe umemvua nguo hadharani, umewaonyesha wenye kijicho mahali alipoweka mali yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na zizi lililojaa naye ni maskini, na jirani mwenye mbuzi mmoja mlangoni akawa tajiri. Nilimuuliza Mama Mashine kama huo si uongo. Alinitazama kwa huruma.

"Mwinjilisti, umembeba mgongoni mtoto wa jirani. Mtu akikuuliza mtoto wako hajambo, utasimama uanze kueleza ukoo?"

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege vya dunia, na watalii wakakoma kama bomba lililokatwa. Asiyekaa Karatu hawezi kujua maana yake. Hata sisi ambao hatujawahi kuingia kwenye loji, tulikula kutoka kwenye loji. Wakulima walilima saladi, karoti na mboga nyingine ambazo wenyewe hatuzili, kwa ajili ya meza za wageni. Loji zilipofunga, mboga zilioza kwenye matuta. Saladi ilifika mahali mbuzi wakaikinai. Jirani yangu, dereva wa watalii, mtu aliyejua jina la kila ndege wa kreta ya Ngorongoro kwa Kiingereza na Kijerumani, alirudi kulima akiwa amevaa sare yake ya kaki. Gari lake liliegeshwa uani, na kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mama Mashine naye alikuwa na bustani ya karoti nyuma ya mashine. Nilimkuta asubuhi moja anazirudishia udongo kwa jembe, nzima nzima, kama anayezika.

Hata baada ya ndege kuanza kuruka tena, mji haukuamka. Ndipo walipokuja wawekezaji. Walikuja wengi kwa mkupuo, kila mmoja na teknolojia yake. Hawa walikuwa na pampu za sola za vitunguu huko Mang'ola, wale walikuwa na magari ya umeme ya kuingilia kreta bila moshi, wengine na ndege ndogo zisizo na rubani za kunyunyizia ngano dawa. Kila wiki bango jipya liliota kando ya barabara. Nyumba za kupanga zilipata watu, wauza chipsi wakaongeza majiko. Watu wakasema uchumi umefufuka, na kwa hakika ulionekana hivyo, ingawa mimi nilijiuliza kama tulichokuwa tunaona ni uchumi au ni wawekezaji wenyewe wakila chipsi.

Dereva hakuwa na wasiwasi. Alikuja kwenye mashine siku niliyopeleka mahindi, akatuhubiria sote tuliokuwa foleni. Alisema uchumi ni kama gari lililozimika. Halihitaji maneno, linahitaji watu wa kulisukuma. Fedha za teknolojia mpya ndizo mikono ya kusukuma, na likishawaka litakwenda lenyewe.

"Likiwaka," Mama Mashine akauliza juu ya kelele ya mota, "mafuta anayo nani?"

"Mama, wewe nawe. Umenunua kila mashine iliyopita hapa."

"Nimenunua. Ndiyo maana nauliza."

Lakini alikuwa anataka. Hilo msilisahau, maana watu wanapenda kumsimulia kama bibi aliyewakataa wageni. Alilitaka lile friji kuliko sisi sote.

Friji lililetwa na kampuni moja ambayo afisa wake alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye raba nyeupe zilizogeuka nyekundu siku ya kwanza. Kilikuwa chumba cha baridi kinachoendeshwa na jua, kikubwa cha kuingia punda na mkokoteni wake. Ukiweka karoti humo leo, ungeikuta bado inavunjika kwa mlio baada ya wiki kadhaa. Binti alituonyesha jinsi kinavyohifadhi baridi mchana ili kiendelee kupoza hata siku za ukungu, na alipoulizwa juu ya ukungu alikuwa na majibu kamili, maana alikuwa amekaa kwetu mwezi mzima akipima mawingu kabla ya kuahidi neno lolote. Mama Mashine alimpenda kwa hilo. Akatoa kiwanja pembeni ya mashine, bure.

Sharti la kampuni lilikuwa kwamba wakulima wa mtaa, waliojiunga kikundi cha friji, nao waweke mkono wao. Wao watatoa mitambo, sisi tutajenga sakafu, kuta na uzio. Na kwa kuwa fedha hazikuwepo, kila nyumba itatoa ng'ombe mmoja wa kwenda mnadani. Binti akapita nyumba kwa nyumba kuona nani anaweza. Kila mahali alisimama zizini akauliza, "Hawa ng'ombe ni wenu?" Na kila mahali alijibiwa kwa heshima, "Ndiyo, wetu." Akapiga picha za waliochaguliwa. Kwa Mama Mashine alichaguliwa dume mwekundu, mzuri kuliko wote, mwenye shingo kama mlango.

Yule dume hakuwa wake. Na wale wa wengine pia, karibu wote, hawakuwa wao.

Nataka nieleze jinsi jambo kama hili linavyotokea kwa watu waaminifu. Hakuna aliyemdanganya binti. Kila mmoja alijibu kama mama yake alivyomfundisha kujibu. Baada ya hapo kila mmoja alirudi ndani akagundua ameahidi mali ya rafiki, akadhani ni yeye peke yake. Kusema "si wangu" kungemwanika mwenye ng'ombe. Kukaa kimya kungemaanisha kumuuza. Na kujitoa kungevunja hesabu ya kikundi, kampuni ihamishie mitambo wilaya nyingine, ambako walikuwa wanaiomba. Dereva alikonda. Mke wangu alisema kijiji kizima kina homa ya matumbo.

Mimi sikujua chochote. Mimi sikuwa na ng'ombe wa mtu.

Jumapili kabla ya siku ya mnada, kanisa lilijaa. Tulipofika kwenye maombi ya kimya, niliinamisha kichwa, na baada ya kitambo sauti ikaanza kutoka benchi la tatu upande wa akina mama.

"Bwana, wewe unajua yule dume si wangu. Ni wa mtu, na huyo mtu unamjua. Nilisema ni wangu kwa sababu ndivyo tunavyosema. Sasa wanataka kumpeleka mnadani. Mwenyewe alimzika mume wangu, Bwana, alichimba kaburi kwa mikono yake. Nitamwambia nini?" Nikadhani amemaliza. "Na friji nalitaka. Usijifanye hujui."

Sikusema amina. Niliogopa kuharibu kitu. Mtoto mmoja alikohoa, akazibwa mdomo. Kisha nyuma kabisa, karibu na mlango, mzee mmoja alisema taratibu, kwa Kiiraqw, maneno ambayo hata mimi nayaelewa: hata wangu.

Baada ya ibada, kama kawaida yetu, tulitoka nje kunadi sadaka za mazao: mayai, kuku, maboga, kibuyu cha maziwa. Mzee wa kanisa aliinua jogoo juu akaanza kuita bei, na hakuna aliyeitika, kwa sababu watu walikuwa wamesimama wawili wawili wakiambiana. Ilianza kwa minong'ono, ikawa kicheko. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shuka. Dereva alikaa juu ya jiwe akashika kichwa. Akasema yeye, aliyetuhubiria juu ya kusukuma gari, alikuwa ameahidi ng'ombe wa mama mkwe wake.

Binti wa kampuni, ambaye si wa dhehebu letu, alikuwa na kawaida ya kuja kusalimia saa ya mnada na kununua boga. Akatukuta hivyo. Ilibidi tumwambie, na mimi ndiye niliyesukumwa mbele, kwa kuwa mgeni huelezwa vizuri na mgeni mwenzake. Nilimweleza desturi yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Alisikiliza akiwa amelikumbatia boga lake.

"Kwa hiyo hamna ng'ombe," alisema.

"Wanao," nikamjibu.

"Wako wapi?"

Wanaume walitazama milima. Mama Mashine akamshika binti mkono.

"Mwanangu, usiulize wako wapi. Uliza watakuja lini."

Tulikubaliana hivyo. Binti aliwapigia wakubwa wake akaomba siku ya mnada isogezwe, na sijui aliwaambia nini, lakini alizungumza nao muda mrefu akizunguka ule uwanja wa kanisa, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na jibu lilikuwa ndiyo. Wiki ile njia zote zilikuwa na ng'ombe. Walitoka Endabash, walishuka kutoka Mbulumbulu, walipita asubuhi na mapema, kila mmoja nyuma ya mwenye fimbo aliyejifanya hamwoni mwenye fimbo mwingine. Watu waliosalimiana maisha yao yote walipishana kama wasiojuana. Hakuna aliyeuliza, na hadi leo hakuna aliyeuliza. Nilikaa barazani kwangu na chai nikamsifu Bwana, kwa sababu kila ng'ombe aliyepita alikuwa anakwenda kuuzwa na mwenyewe.

Mama Mashine alileta mmoja, mzee kidogo, mwenye pembe moja iliyovunjika. Binti alimtazama yule na kumkumbuka mwekundu, akatabasamu.

Dereva, kwa tabia yake, alipoona mambo yamenyooka akataka kuleta wote alio nao, na gari pia aliuze, fedha aziweke kwenye ile kampuni nyingine ya magari ya umeme. Mama Mashine alimfuata hadi uani kwake. Nilisikia kutoka nyumbani kwangu, na si mimi peke yangu. Alimwambia friji analitaka, magari ya umeme anayatamani, na siku likija moja atapanda kiti cha mbele. Lakini mtu mwenye watoto haendi kulaza kila kitu kwenye zizi ambalo mlango wake uko nchi ambayo hajawahi kufika. Dereva alijibu kwamba mwenye hofu hapati. Akamjibu kwamba mwenye mke huuliza mke. Mke wake alikuwa amesimama pale pale na beseni, akasema la, na hayo yakaisha.

Friji lilijengwa, likawaka. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa sherehe. Wa pili kampuni ilianza kuchelewa kujibu simu. Tulisikia kwamba wale wa nje waliokuwa wanaleta fedha wamepata kitu kingine kipya cha kukipenda, mambo ya kompyuta zinazofikiri, na fedha zimehamia huko kama nyumbu wanavyohama majani yakiisha. Mabango yalipauka, na upepo ukamalizia kazi. Kampuni ya magari ya umeme ilifungasha ikiwa na mali za watu wengi, na kuna nyumba hapa Karatu ambazo bado hazijainuka. Nawaombea kila Jumapili. Dereva hakuwa mmoja wao. Watalii waliporudi, na walirudi kidogo kidogo, aliwafukuza kuku garini akaliosha, akaenda kreta.

Kampuni ya binti nayo iliondoka. Yeye aliitwa Dar, akaaga akilia, akapanda basi. Lakini kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo moja ambalo hatukuliona uzito wake. Aligombana na wakubwa wake hadi wakakubali kwamba wasichana wawili wa hapa hapa wafundishwe kuufungua mtambo na kuufunga. Ulipoharibika baada ya kampuni kwenda, waliufungua wakaufunga. Na kwa kuwa kila nyumba iliweka ng'ombe wake halisi, hakuna aliyetokea kudai kwamba sakafu ile ilijengwa kwa mali yake. Kijiji cha jirani walikuwa na friji kama letu, lililojengwa kwa ng'ombe wa watu. Sasa kesi iko baraza la kata na ndani wanalala popo.

Kilichotushangaza ni mahali mboga zilipokwenda. Friji lilijengwa kwa ajili ya loji. Loji zilichukua kidogo. Wasichana wetu ndio waliogundua kwamba kabichi na karoti zilizokaa kwenye baridi zinaweza kuvumilia basi la kwenda Wasso, mji ulio mbali ng'ambo ya kreta. Hapo zamani zilikuwa zikifika zimenyauka, kwa ile safari ya ukingoni mwa kreta, kushuka Olbalbal kwenye vumbi, na barabara ya mawe isiyokwisha. Sasa zinafika zikiwa na nguvu. Hospitali inanunua, maduka yananunua, walimu wananunua. Kondakta analalamika kwamba abiria wanasafiri wamepakata kabichi kama watoto, na kila siku anazipakia. Hakuna mwekezaji aliyeandika Wasso kwenye mipango yake.

Je, ule msukumo wa teknolojia uliufufua mji wetu? Watu wa redio husema ndiyo, kisha wiki inayofuata husema hapana. Mimi nimeona ukiwafilisi watu na nimeona ukiwalisha, mtaa mmoja, mwaka mmoja. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba karoti hazizikwi tena.

Mara ya mwisho kukaa na Mama Mashine siku nzima ni mwaka huu, majira ya baridi. Kusaga amemwachia mjukuu, yeye hukaa kwenye benchi nje na blanketi magotini akitoa maagizo. Nilikuwa nimekaa naye aliposhuka mtu kutoka kwenye bodaboda, tukamtazama, akawa yule binti. Amekuwa mwanamke mzima. Kampuni ile ilikwisha kabisa, alitueleza, na sasa anafundisha chuo fulani huko Dar. Alikuja kwa nauli yake. Alisema kwa miaka hii hakulala vizuri, kwa sababu alituahidi kwamba watakuwa nasi muda mrefu, kisha akaondoka. Alidhani atakuta popo.

Mama Mashine alimwacha amalize. Mimi nilimwongoza akaone friji, likiwa limejaa hadi mlangoni, na wasichana wawili, mmoja wao sasa ana mtoto, wakamrukia. Alirudi kwenye benchi akiwa amelowa machozi.

"Bibi, niambie kweli. Tuliwasaidia, au hatukuwasaidia?"

"Mlitusaidia," alisema Mama Mashine. "Na mliondoka vibaya. Yote mawili."

"Sikuwa na la kufanya. Waliniita."

"Najua. Ulikuja na mali ya watu. Wakikuita, unakwenda. Hukuwa na kitu chako hapa."

Kisha akaomba fimbo yake. Alisema twende Endabash. Nilimkumbusha magoti, na barabara, na ukungu. Akamtuma mjukuu akamwite dereva, naye akaja na gari lake la watalii, lile lile, tukapanda sisi watatu kama wageni kutoka Ulaya, Mama Mashine kiti cha mbele.

Huko Endabash tulifika kwenye boma la mtu ambaye sitamtaja. Walizungumza Kiiraqw kando, Mama Mashine na mwenye nyumba, kwa muda. Kisha mwenye nyumba akatoa zizini mtamba mweusi, ambaye bado hajazaa, mwenye baka jeupe pajani, akamkabidhi binti kamba. Mama Mashine alimweleza binti kwamba huyu ni wake tangu leo, yeye na uzao wake. Atakaa hapa hapa. Maziwa ni ya nyumba hii, samadi ni ya nyumba hii. Akizaa ataambiwa, akiugua ataambiwa, na akitaka kumwona atakuja mwenyewe, kwa sababu ng'ombe haonekani kwa simu.

Binti alishika kamba kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Alisema hastahili. Mwenye nyumba akamwambia mambo ya kustahili aulize kanisani, hapa kuna majani ya kukata kabla ya jioni. Mke wake akampa mundu. Alikata vibaya sana, akajikata kidole, wakamcheka, wakamfunga kitambaa, akaendelea. Mimi na Mama Mashine tulikaa kwenye vigoda tukimtazama, na mtamba naye akimtazama, akitafuna.

Jioni tulimsindikiza kwenye basi la Arusha. Alitukumbatia, akauliza mara mbili mtamba atazaa mwezi gani, akapanda. Basi lilipotoka stendi Mama Mashine hakupunga mkono. Alivuta blanketi vizuri mabegani, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kusaga gunia la mwisho.

"Sasa huyu," alisema, "atarudi."